Kinda wa nyota tano tumdai nini?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni mtu wa Kigoma, niko Columbus, Ohio, mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi ghalani. Zamu nzima watu hawaongei kingine ila futiboli ya Kimarekani ya chuo chao, Ohio State. Msimu haujaanza, lakini kuna kinda wa miaka 18, raningibeki, katoka sekondari na nyota tano, na tayari wameshamvika taji. Mwenzangu mmoja anasema lazima afikishe yadi 1,000 msimu wake wa kwanza. Asipofikisha atanilisha mchana wiki nzima. Akifikisha, namlisha mimi. Nikubali? Na kwa haki, kijana kama huyu tumdai nini? Maana mimi naanza kumhurumia.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kubali, na anza kabisa kufikiria utakula nini. Kama dini yako haitaki kamari, semeni ni ahadi ya kulishana tu, mambo yaishe.

Ila usiingie ukidhani mwenzako ni mjinga. Kwenye mji mwingine ningekwambia kubali huku nacheka. Columbus nakwambia kubali, lakini weka akiba pembeni, kwa sababu hapo limewahi kutokea, tena zaidi ya mara moja. Nitakuja huko.

Kwanza niwape mkono wasomaji ambao mchezo huu wakiuona kwenye televisheni wanabadilisha stesheni. Timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikizifikisha, inapewa mengine manne. Raningibeki ni yule anayesimama nyuma au ubavuni mwa kotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi anayerusha pasi, anakabidhiwa mpira mkononi, kisha anajipenyeza katikati ya miili ya watu wa kilo 130 na kuendelea. Mimi humwita mbeba mpira, maana hiyo ndiyo kazi yake. Wanaomfungulia njia ni watu watano wa mbele ambao majina yao hakuna mtoto anayeyaandika kwenye fulana.

Sasa hizo nyota. Kuna kampuni ambazo kazi yake ni kuzunguka sekondari za Marekani nzima kupima vijana na kuwapa madaraja. Moja wapo, 247Sports, hutoa nyota tano kwa vijana wapatao 32 kwa mwaka, na hiyo 32 haikuokotwa njiani: ndiyo idadi ya kawaida ya wachezaji wanaochaguliwa raundi ya kwanza kwenda NFL, ligi ya kulipwa. Yaani wanaposema "nyota tano" wanatabiri kwamba kijana huyu, akishafika miaka 21 au 22, atakuwa miongoni mwa bora kabisa nchini. Shabiki anasikia utabiri wa miaka mitatu ijayo, anaugeuza deni la Septemba hii. Ugomvi wenu wote wa ghalani unaanzia hapo.

Tupige hesabu ya yadi 1,000. Msimu wa kawaida una mechi 12 kabla ya michezo ya mwisho. Hiyo ni yadi 83 kila mechi, bila kukosa hata moja. Mbeba mpira mzuri hupata yadi 5 hivi kila anapokabidhiwa, kwa hiyo anahitaji kukabidhiwa mara 200 kwa msimu, karibu mara 17 kwa mechi. Nani atampa mtoto wa mwaka wa kwanza mipira 17 kwa mechi wakati benchi limejaa wakubwa zake? Angalia msimu wa 2024, Ohio State walipochukua ubingwa wa taifa kwa kuifunga Notre Dame 34 kwa 23. Walikuwa na wabeba mpira wawili wa kiwango cha juu, TreVeyon Henderson na Quinshon Judkins, na timu ilicheza mechi 16. Judkins alipata yadi 1,060, Henderson 1,016. Wote wawili wakakwenda NFL raundi ya pili mwezi Aprili 2025. Ikiwa mabwana wale, watu wazima, wenye mechi nne za ziada, walivuka 1,000 kwa kukwaruza tu, huyo wenu atavukaje?

Njia moja ipo, nayo si ya kumwombea mtu: walio mbele yake waumie. J.K. Dobbins alifika Columbus mwaka 2017 akiwa na miaka 18. Mkubwa wake, Mike Weber, ambaye msimu uliotangulia alikuwa amevuka yadi 1,000, alikuwa anasumbuliwa na msuli wa paja. Dobbins akaanzishwa mechi ya kwanza ugenini Indiana, akapiga yadi 181, akamaliza msimu na 1,403. Kipaji alikuwa nacho, sawa, lakini mlango ulifunguliwa na paja la mtu mwingine.

Nilisema hapo Columbus limewahi kutokea. Dobbins huyo mmoja. Kabla yake Maurice Clarett, 2002, yadi 1,237. Baada yake Henderson, 2021, yadi 1,248. Na ukiwauliza wenzako ghalani, hayo ndiyo majina watakayokutajia, kwa sababu shabiki anakumbuka walioruka. Walioanza kwa kutambaa anakumbuka siku walipochukua tuzo tu.

Basi muulize mwenzako kuhusu Archie Griffin. Kila mtu hapo anamjua: ndiye mchezaji pekee aliyechukua tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo nchi nzima, mara mbili, 1974 na 1975. Tena ni mtoto wa Columbus hapo hapo. Alianza mwaka 1972, mwaka ambao vijana wa mwaka wa kwanza waliruhusiwa tena kuchezea timu kubwa. Mechi ya kwanza dhidi ya Iowa akaingizwa mwishoni, akapewa mpira mara moja. Ukamponyoka. Akarudi benchi akijua habari yake imekwisha. Wiki mbili baadaye, dhidi ya North Carolina, timu ikawa imekwama, na kocha wa wabeba mpira, Rudy Hubbard, ndiye aliyemshawishi bosi wake Woody Hayes amwingize yule mtoto. Griffin hakutegemea kabisa kuitwa. Aliposikia jina lake alitoka mbio kuingia uwanjani bila kofia ya kujikinga, ikabidi arudi kuichukua. Siku hiyo akakimbia yadi 239, rekodi ya chuo, akaizidi ya yadi 229 iliyokuwepo tangu 1945. Msimu akaumaliza na yadi 867. Umeona? Mkubwa kuliko wote waliopita hapo, mwaka wake wa kwanza, hakufikisha 1,000. Kwa masharti ya mwenzako, Griffin angekulisha wiki nzima.

Au Eddie George. Mwaka 1992, akiwa wa mwaka wa kwanza, timu ilicheza na Illinois. Mpira ukamponyoka mara mbili karibu kabisa na mstari wa goli, na mmoja kati ya hiyo mlinzi wa Illinois aliuokota akakimbia nao yadi 96 hadi upande wa pili. Ohio State wakafungwa 18 kwa 16. Baada ya siku ile George alisugua benchi hasa. Msimu uliofuata alikuwa mtu wa akiba. Fikiria simu za mkononi zingekuwepo, zile picha zingezunguka Jumamosi ile nzima na jina la garasa lingemganda. Mwaka 1995, dhidi ya Illinois hao hao, akakimbia yadi 314, rekodi ya chuo kwa wakati huo, na Desemba akabeba Heisman.

Ezekiel Elliott, 2013, yadi 262 msimu mzima, nyuma ya Carlos Hyde. Msimu uliofuata alikimbia yadi 696 kwenye mechi tatu za mwisho peke yake, Wisconsin, Alabama na Oregon, wakachukua ubingwa. Mwaka wa kwanza ungekwambia nini kuhusu huyo? Hakuna.

Na upande wa pili wa shilingi ni mchungu zaidi. Clarett mwaka wa kwanza alifanya kila kitu alichodaiwa na zaidi. Fainali ya Januari 2003 dhidi ya Miami, mlinzi Sean Taylor alikuwa ameshaunasa mpira anaondoka nao. Clarett akamfukuza, akamnyang'anya mikononi, wenzake wakabaki na mpira. Muda wa nyongeza wa pili akafunga tachidauni la ushindi, yaani aliuvusha mpira mstari wa goli. Umri wake, miaka 19. Hakuichezea tena Ohio State: alisimamishwa msimu uliofuata, akaenda mahakamani kupinga kanuni ya NFL inayotaka mtu awe ametoka sekondari miaka mitatu ndipo aingie, akashindwa, na alipochaguliwa na Denver mwaka 2005 hakucheza mechi hata moja ya ligi. Baadaye akafungwa jela. Siku hizi anazungumza hadharani kuhusu afya ya akili, na ukimsikiliza unajua anaongea kitu anachokifahamu. Sisemi mashabiki ndio waliomfikisha huko; mambo yalikuwa mengi. Nasema tu kwamba yadi 1,237 hazikumkinga na lolote.

Nimeacha Henderson makusudi, kwa sababu ndiye ninayetaka umtazame vizuri. Mechi ya tatu ya maisha yake ya chuo, dhidi ya Tulsa, 2021, alikimbia yadi 277, akavunja rekodi ya Griffin ya wachezaji wa mwaka wa kwanza iliyodumu miaka 49. Mji ukapagawa. Hesabu za watu zikawa nyepesi: mwaka wa kwanza 1,248, basi wa pili 1,800, wa tatu Heisman. Mwaka wa pili mguu ukavunjika kamfupa kadogo chini ya kidole gumba. Akaishia yadi 571. Wa tatu 926. Ndipo maneno yakaanza: mwepesi kuumia, amekwisha. Mwaka wa nne akaletewa Judkins kutoka chuo kingine, agawane naye mkate. Angeweza kufungasha virago. Alibaki, akagawana. Kwenye nusu fainali dhidi ya Texas, nusu ya kwanza ikielekea kwisha, alipewa pasi fupi ya pembeni akaenda nayo yadi 75 hadi goli. Lakini walipokuja watu wa NFL kumpima, kilichowavutia pamoja na mbio zake ni kitu ambacho hakina namba kwenye televisheni: alikuwa miongoni mwa wabeba mpira bora wa mwaka ule kwa kumlinda kotabeki.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo.

Nimekuwa kocha msaidizi wa sekondari kwa misimu kadhaa, na kila mwaka nakutana na kijana yule yule. Ana mbio kuliko wote. Tangu ana miaka 9, mpango wa kila kocha wake umekuwa mpe mpira huyo. Kwa sababu hiyo, hajawahi kufundishwa afanye nini asipokuwa na mpira. Mmoja nilimweka jioni ya Jumanne kwenye zoezi dogo: kotabeki anarudi nyuma kutafuta wa kumrushia, wewe simama ubavuni, atakuja mlinzi mmoja kutoka kulia au kushoto, mzuie. Nilijiwekea mto wa mazoezi kifuani nikaja mwenyewe, na mimi si kijana. Mara ya kwanza alikuwa anatazama mpira. Nilimpita nikamgusa kotabeki begani. Mara ya pili alinitazama lakini akasubiri, visigino chini, nikamsukuma akakaa kitako. Mara ya tatu nilimtuma mtu mwingine kutoka upande wa pili. Kijana akageuka kunifuata mimi, maana alikuwa amenizoea mimi. Tulirudia hadi taa zikawashwa. Hilo ni zoezi la mtu mmoja au wawili. Chuoni wanamjia watatu wamejificha nyuma ya wengine, ana sekunde mbili za kuhesabu nani ataachwa na wale watano wa mbele, na anayekuja ni mtu mzima wa kilo 105 amepata mbio za hatua kumi. Akikosea, anayelipa ni kotabeki, na kotabeki ndiye timu yenyewe.

Ndiyo maana kocha anamtoa kinda jaribio la tatu zikibaki yadi 8. Mashabiki wanapiga kelele "mwacheni kijana acheze!" Kocha hana chuki naye. Anajua pasi inakuja, na hajui kama kijana ataona mtu wa upande wa kushoto.

Jambo jingine ni mpira wenyewe. Mpira wa sekondari unaweza kuubeba kama mkate, mkono mmoja ukipepea, kwa sababu hakuna wa kukufikia. Chuoni kila anayekuangusha ana mwenzake wa pili ambaye kazi yake ni kupiga ngumi mpira. Yule kijana wangu nilimpa mpira ashinde nao shuleni wiki nzima: darasani, kwenye korido, foleni ya chakula, ncha moja kiganjani na nyingine imebanwa kwapani. Wenzake wote walikuwa na ruhusa ya kuupiga. Siku ya kwanza ulianguka mara 11, mara moja ndani ya sinia la viazi. Ijumaa haukuanguka. Mwalimu wa hesabu bado ananinunia.

Kuna wanaosema mambo yamebadilika, vijana siku hizi wanalipwa, kwa hiyo tuna haki ya kuwadai. Ni kweli wanalipwa: tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Ni kweli pia kwamba dirisha la usajili lipo, na kijana asiyepewa namba anaweza kuhama bila kukaa nje msimu kama zamani. Lakini fedha haiongezi umri. Kijana aliyelipwa bado atakutana na mlinzi wa miaka 22 mwenye misimu minne ya kuinua vyuma. Sisi tuliokulia kwenye Simba na Yanga tunaijua ngoma hii: mchezaji anapokelewa uwanja wa ndege kwa matarumbeta, mechi ya tatu wanauliza nani kamleta.

Na mwili wa mbeba mpira una mwisho wake. Kila anapokabidhiwa mpira anapigwa, hata anapofunga. Kocha anayempa mipira sita kwa mechi mwaka wa kwanza huenda anamtunzia miguu kuliko sisi tunaomtaka apewe ishirini. Kwa maoni yangu kinda mwenye yadi 400 na goti zima amekuwa na msimu mzuri. Najua ghalani watakucheka ukiyasema hayo.

Kwa hiyo umdai nini? Usimdai yadi, yadi nyingi ni za wale watano wa mbele. Akikimbia yadi 40 bila kuguswa, wapigie makofi wao. Mtazame pale ambapo hawakumfungulia kitu: amekamatwa nyuma ya mstari, ilikuwa apoteze yadi 2, akajikunja akapata 1. Takwimu itaandika yadi 1 na mwenzako ataguna. Wewe uliyeona utajua kwamba huyo ni mchezaji. Tazama anaangukia upande gani: wazuri huangukia mbele, kifua kikiwa kimeshavuka. Tazama mkono ulioshika mpira, hasa robo ya nne akiwa amechoka. Mpira ukimponyoka mara moja msimu mzima, msamehe. Ukimponyoka Jumamosi mbili mfululizo, kocha hatamsamehe hata kama wewe umemsamehe. Na usishangae akicheza mechi nne tu halafu akapotea: tangu 2018 kanuni inaruhusu acheze hadi mechi nne bila mwaka ule kuhesabiwa, na makocha wanaitumia sana.

Zaidi ya yote, tazama jaribio la tatu. Wiki za Septemba, zikibaki yadi 8, angalia kama anatoka uwanjani kwa mwendo wa taratibu na mkubwa wake anaingia. Hilo ni la kawaida, usimnunie mtu. Siku utakapoona yadi ni 8 na kinda amebaki, amesimama ubavuni mwa kotabeki, anaonyesha kidole kwa mlinzi mmoja kumwambia mwenzake wa mbele "huyo wangu," mpigie simu rafiki yako.

Kwa kweli, rudi kwake na dau la pili. La yadi 1,000 lichukue, lakini mwambie pia kwamba kabla ya mechi na Michigan mwishoni mwa Novemba, kocha atakuwa amemwacha kijana uwanjani kwenye jaribio la tatu refu, timu zikiwa zimekaribiana. Hilo atalikataa kwa kicheko, maana halijui. Mimi upande huo naweka pilau ya watu wanne, na kachumbari juu.